KEKI ILIYOZALIWA NA GURUDUMU

Kuna miji ambayo jina lake limebebwa na bandari, mingine na mgodi, mingine na kanisa kuu. Maisons-Laffitte, mji mdogo ulio kando ya mto Seine, kaskazini-magharibi ya Paris, ulijengewa jina na farasi. Lakini kitu kilichouvusha mipaka mji huo, kikaufikisha katika majiko ya watu ambao hawajapata kuuona wala hawatauona, ni keki. Keki yenyewe ina umbo la gurudumu la baiskeli, imepasuliwa katikati na kujazwa krimu, na jina lake ni Paris-Brest.

Makala haya yanamchukua msomaji hadi mji huo, kisha yanamwingiza jikoni. Sababu ya kumwingiza jikoni ni kwamba Paris-Brest ni miongoni mwa vitu vichache vya anasa ambavyo thamani yake kubwa haimo katika vitu vinavyonunuliwa, bali imo katika mkono unaovipika. Unga, maji, mayai, maziwa na siagi vinapatikana katika kila soko. Ujuzi wa kuvigeuza vikawa gurudumu jepesi lenye uwazi ndani hauuzwi dukani. Aidha mtu hurithishwa, aidha hujifunza. Na usiporithishwa, hufa.

SAFARI YA CHINI YA NUSU SAA

Mgeni anayetoka Paris hupanda treni katika stesheni ya Saint-Lazare, na kabla ya nusu saa kutimia huwa amekwisha kuvuka mto Seine zaidi ya mara moja, maana mto huo hujipinda kama nyoka, na kuteremka Maisons-Laffitte. Njia hiyo ya reli ni ya siku nyingi. Ni ile iliyofunguliwa mwaka 1843 ili kuunganisha Paris na mji wa Rouen. Asubuhi treni hujaa wafanyakazi waendao mjini, na jioni huwarudisha wakiwa wamechoka, baadhi yao wameshika mikononi visanduku vya karatasi vilivyofungwa kwa utepe. Mwenye kisanduku hicho hutembea kwa uangalifu kama aliyebeba mayai, na kila amwonaye hujua kwamba kuna keki ndani.

Barabara kuu ya maduka huitwa Avenue de Longueil. Jina hilo linamkumbuka René de Longueil, mkuu wa zamani za wafalme aliyemwagiza msanifu majengo François Mansart amjengee kasri mahali hapa katika karne ya 17. Kasri hilo lingali limesimama, kuta zake za mawe meupe zikitazama mto, na wajuzi wa ujenzi hulihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za Mansart. Mwaka 1818 lilinunuliwa na mwenye benki aitwaye Jacques Laffitte. Katika miaka ya 1830 bwana huyo alikata viwanja katika bustani kubwa ya kasri na kuviuza kwa watu wa Paris waliotaka nyumba zenye miti na hewa safi. Mji uliozaliwa hivyo ulichukua rasmi jina lake mwaka 1882.

Ndipo walipoingia farasi. Uwanja wa mashindano ulifunguliwa mwaka 1878 na Joseph Oller, yuleyule ambaye miaka 11 baadaye alishiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge huko Paris. Uwanja huo ulisifika kwa njia yake iliyonyooka kwa mita 2,000 bila kona. Kwa zaidi ya miaka 100 maisha ya mji yaliufuata. Walikuwapo wapanda farasi, watunza mazizi, wapiga kwato, washona matandiko, wakata nyasi, na wenye mikahawa waliowalisha wote hao. Hata leo, katika sehemu ya mji iliyokuwa bustani ya kasri, njia za mchanga za farasi hupita kando ya barabara za magari.

Mwishoni mwa mwaka 2019 uwanja ulifungwa. Mashindano yakahamia viwanja vingine, na mabango yaliyokuwa yakivuta maelfu ya watu siku za mapumziko yakabaki kuwa kumbukumbu. Mji wa namna hiyo, ukinyang'anywa kilichoupa jina, hubaki na nini? Jibu moja limo katika dirisha la duka la keki lililopo Avenue de Longueil.

MWENDO WA KILOMITA 1,200

Ili kuielewa keki ni lazima kwanza kuielewa baiskeli. Mwaka 1891 mwandishi wa habari Pierre Giffard, wa gazeti la Paris lililoitwa Le Petit Journal, alibuni mashindano ambayo watu wengi waliyaona kuwa ni wazimu. Waendesha baiskeli waondoke Paris, waende hadi Brest, bandari ya jeshi la majini iliyoko ncha ya magharibi ya Ufaransa, kisha warudi Paris. Jumla ya mwendo ilikuwa kilomita zipatazo 1,200, umbali unaokaribia ule wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Barabara za siku hizo zilikuwa za vumbi na kokoto, na usiku zilikuwa giza tupu.

Waliondoka zaidi ya watu 200. Waliomaliza walikuwa karibu nusu yao. Mshindi, Charles Terront, alirudi Paris baada ya saa 71 na dakika kadhaa, bila kulala. Magurudumu yake yalikuwa na mipira ya kujazwa upepo ambayo ingeweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, jambo lililokuwa jipya wakati huo, na ushindi wake uliwafanya wengi waamini kwamba mpira wa upepo una manufaa ya kweli.

Mashindano hayo yalirudiwa kila baada ya miaka 10. Mwaka 1901 alishinda Maurice Garin kwa muda wa saa 52 hivi. Garin huyu alizaliwa Italia katika familia maskini, na utotoni alifanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi. Miaka miwili baada ya ushindi huo, yaani mwaka 1903, ndiye aliyeshinda mashindano ya kwanza kabisa ya kuizunguka Ufaransa, yale yajulikanayo leo duniani kote kwa jina la Tour de France. Si ajabu basi kwamba wafanyakazi wa Ufaransa waliipenda baiskeli. Ilikuwa chombo cha kuwapeleka kiwandani, na papo hapo ilikuwa ngazi ambayo kijana asiye na kitu angeweza kuipanda.

Kwa maelezo ya familia ya Durand, ilikuwa mwaka 1910 ambapo Giffard, aliyekuwa akiishi Maisons-Laffitte, alimwendea mwoka keki wa mji huo, Louis Durand, akamwomba atengeneze keki ya kuyatukuza mashindano yake. Durand hakuandika jina la mtu kwa sukari juu ya keki, wala hakuchora picha. Alichukua unga uliokuwa ukijulikana na kila mwoka keki wa Ufaransa, akaukamua kwa duara badala ya vidonge, akaunyunyizia vipande vyembamba vya lozi, akauoka, akaupasua na kuujaza krimu yenye ladha ya njugu na sukari iliyoungua. Likapatikana gurudumu linalolika.

Mashindano ya watu wa kulipwa yalikoma baada ya mwaka 1951. Lakini wapenda baiskeli wa kawaida, wasiotafuta fedha, wanaendelea kupita njia ya Paris hadi Brest na kurudi. Siku hizi hufanya hivyo kila baada ya miaka 4, na wengi wao hupewa muda usiozidi saa 90. Na keki haikungoja mwaka wa mashindano. Imeokwa mwaka hadi mwaka, na duka la Durand lingali hapo hapo Avenue de Longueil.

UNGA UNAOSONGWA

Unga wa keki hii Wafaransa huuita shu, neno lenye maana ya kabichi, kwa sababu vidonge vyake vidogo vikiiva hupasukapasuka juu na kufanana na vichwa vya kabichi changa. Ipo hadithi isemayo kwamba uliletwa Ufaransa katika karne ya 16 na wapishi wa Catherine de Médicis, binti wa Florence aliyekuja kuwa malkia. Lakini hadithi hiyo haina ushahidi wa kuaminika. Linalojulikana ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 wapishi wa Paris waliupa unga huo heshima yake, na mashuhuri kuliko wote alikuwa Antonin Carême, mtoto wa kibarua aliyeachwa mitaani akiwa mdogo na kuishia kuwapikia wakuu wa Ulaya.

Kutokana na unga huohuo mmoja umezaliwa ukoo mzima. Ukikamuliwa kama kidole na kupakwa sukari juu, huitwa ekleri. Vidonge vidogo vikijazwa krimu na kumwagiwa chokoleti ya moto, huitwa profiteroli. Vikirundikwa kama mnara na kugandishwa kwa sukari iliyoungua, huwa keki ya arusi. Na ukikamuliwa kwa duara ndiyo Paris-Brest yetu.

Msomaji aliyezoea jiko la kwetu ataona jambo la kumfurahisha. Keki nyingi huanza kwa kuchapa siagi na sukari katika bakuli. Shu huanza juu ya moto, ndani ya sufuria, kwa mwiko: maji huchemka, unga humwagwa wote kwa mara moja, na mpishi husonga. Ndiyo, husonga, kama asongavyo ugali. Aliyezoea kusonga ugali ana mkono uliokwisha kufundishwa nusu ya kazi hii.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya shu hamna hamira wala unga wa kuumulia. Kaimati na maandazi hufura kwa hamira. Shu hufura kwa mvuke. Unga unapopikwa sufuriani, wanga wake hunyonya maji mengi na kuyashika. Mayai yakiongezwa, huutia ulaini na nguvu ya kunyumbuka. Ndani ya tanuri kali maji yale hugeuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi inayozidi ile ya maji kwa zaidi ya mara 1,000. Husukuma pande zote kama pumzi ndani ya puto. Wakati huohuo joto hukausha na kugandisha ukuta wa nje. Ukuta ukigandisha vizuri, uwazi hubaki ndani, nao ndio mahali pa krimu. Mlango wa tanuri ukifunguliwa mapema, ukuta ukiwa bado mbichi, mvuke hupoa na kurudi kuwa maji, na gurudumu zima hunywea kama mpira uliochomwa na mwiba.

JIKONI KWA MAMA MMOJA

Mwandishi wa makala haya alikaribishwa siku moja ya Jumamosi katika nyumba ya ghorofa isiyokuwa mbali na stesheni, kwa mama mmoja mstaafu wa kazi ya ofisi. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtunza nyasi katika uwanja wa farasi. Jiko la mama huyo ni dogo kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Tanuri lake ni la kawaida, meza yake ni ile ile ya kulia chakula, na mizani yake ni ya zamani.

Hakuwa peke yake. Mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 16, alikuwa amefunga aproni na kushika mwiko. Bibi yake alikaa kwenye kiti, akiamuru kwa kidole na kwa jicho. Kila mara kijana alipotaka kuwahi hatua, bibi alimrudisha. Alieleza kwamba yeye naye alifundishwa na mama mkwe wake, katika jiko lisilo kubwa kuliko hilo, na kwamba katika familia yao Paris-Brest hupikwa siku za kuzaliwa na siku ya kupokea mtu aliyetoka safari. Uwanja ambao mumewe aliutunza miaka yote ya kazi hakuweza kumrithisha mjukuu, maana haukuwa mali yao. Kitu hiki kimoja anaweza.

Alipoulizwa kwa nini asinunue tu, ilhali maduka yako jirani, hakujibu kwa maneno. Alimwonyesha mgeni fuko la unga, akamwonyesha mayai, kisha akamnyooshea kidole kijana aliyekuwa akitokwa jasho mbele ya sufuria. Mgeni akaelewa kwamba kilichokuwa kikipikwa siku hiyo si keki peke yake.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Kwa keki ya watu 8 hadi 10, mama huyo alipima hivi:

Kwa gurudumu: maji mililita 125, maziwa mililita 125, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150 uliochekechwa, mayai 4, chumvi kidogo, sukari kijiko kidogo 1, na lozi zilizokatwa nyembamba, kiasi cha kujaza kiganja.

Kwa pralini, yaani njugu za sukari: lozi au njugu nyingine gramu 100, sukari gramu 100.

Kwa krimu: maziwa mililita 500, viini vya mayai 4, sukari gramu 100, wanga wa mahindi gramu 45, siagi laini gramu 200.

NAMNA YA KUFANYA

Anza na pralini. Kaanga njugu bila mafuta hadi zinukie, uziweke kando. Yeyusha sukari katika sufuria kavu kwa moto wa kadiri mpaka iwe rangi ya kaharabu. Usiiache izidi hapo, maana itakuwa chungu. Tia njugu, changanya upesi, mwaga kwenye karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta. Angalia mikono yako, kwa kuwa sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ikipoa na kuwa ngumu, ivunjevunje na uisage hadi njugu zitoe mafuta yake na kuwa kama uji mzito. Asiye na mashine atatwanga katika kinu. Itakuwa na chengachenga, na wengine huipenda zaidi hivyo.

Fuata na krimu. Chapa viini na sukari hadi vigeuke rangi, changanya na wanga. Mimina humo maziwa yaliyochemka, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Rudisha vyote motoni na ukoroge bila kusimama mpaka vichemke na kuwa vizito. Ipua, tia nusu ya siagi, funika usoni ili isifanye utando, na uache ipoe kabisa. Ikishapoa, ichape, ukiongeza nusu ya siagi iliyobaki pamoja na pralini, mpaka iwe nyepesi na rangi yake ipauke.

Sasa shu. Chemsha pamoja maji, maziwa, siagi, chumvi na sukari. Siagi iyeyuke yote kabla ya kuchemka, ili maji yasipotee bure. Ipua, mwaga unga wote kwa mara moja, na usonge kwa nguvu. Rudisha motoni dakika 2 au 3, ukiendelea kusonga, hadi donge liachane na sufuria na kuacha utando mwembamba chini yake. Hapa ndipo bibi alipomsimamisha mjukuu na kumtaka aangalie. Donge likiwa bado na unyevu mwingi halitaweza kupokea mayai ya kutosha, na bila mayai ya kutosha halitafura.

Liache donge lipoe kidogo, lisije likapika mayai, kisha ongeza mayai moja moja. Kila yai lichanganyike kabisa kabla ya jingine. Mwanzoni donge litakatikakatika na kuteleza, na anayejifunza atadhani ameliharibu. Aendelee kusonga, litashikana tena. Yai la mwisho lichapwe kwanza, liongezwe kidogo kidogo, kwa sababu mayai hayalingani ukubwa. Unga uko tayari ukiinua mwiko nao ukaning'inia kwa ncha ya pembetatu, bila kudondoka upesi na bila kung'ang'ania.

Chora duara la sentimita 20 upande wa chini wa karatasi ya kuokea. Kwa mfuko wa kukamulia, kamua duara moja juu ya mstari huo, duara la pili ndani yake likigusana na la kwanza, na la tatu juu ya maungio ya yale mawili. Paka yai lililochapwa, nyunyiza lozi. Oka katika nyuzijoto 180 kwa dakika 40 hadi 45, na usifungue mlango katika dakika 30 za mwanzo kwa sababu yoyote ile. Likiwa kahawia, hata katika nyufa zake, zima moto, toboa ubavuni mahali kadhaa kwa ncha ya kisu ili mvuke utoke, na uliache tanurini dakika 10, mlango ukiwa wazi kidogo.

Likipoa, likate kwa kisu cha meno kama mkate wa kupasua, jaza krimu kwa ukarimu, funika, na nyunyiza sukari ya unga. Liwekwe mahali pa baridi, na liliwe siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu krimu ya mayai na maziwa haistahimili joto.

KWA ASIYE NA TANURI

Msomaji asikate tamaa kwa kukosa tanuri la umeme. Sufuria nzito yenye mchanga ndani, mkaa wa kadiri chini na mwingi zaidi juu ya mfuniko, imeoka keki nyingi katika nyumba zetu. Kwa shu, aache duara kubwa na atengeneze vidonge vya ukubwa wa limau dogo, kwa vile hukauka upesi na kwa usawa zaidi. Asubiri dakika 25 kabla ya kuinua mfuniko. Badala ya lozi, ambazo ni ghali, korosho za Mtwara na Lindi hufaa sana kwa pralini, na karanga pia haziaibishi. Katika joto la pwani, vidonge vijazwe krimu wakati wageni wamekwisha kuketi, si kabla.

JINA NA KAZI

Nchini Ufaransa kwenyewe jambo hili lina uzito kuliko utamu wa kinywani. Viwanda vikubwa huoka mikate na keki, huzigandisha na kuzisambaza madukani, na mnunuzi hana njia rahisi ya kujua ni mkono gani uliofanya kazi. Kwa upande wa mkate, sheria ya mwaka 1998 iliamua kwamba mtu asiite duka lake duka la mwoka mikate isipokuwa unga wake umekandwa na kuokwa mahali hapo hapo bila kugandishwa. Sheria hiyo inazungumzia mkate. Keki haikuwekewa ulinzi kama huo.

Kwa hiyo ulinzi wa keki umebaki katika midomo ya walaji. Aliyewahi kusonga shu kwa mkono wake hahitaji kusoma kibandiko. Akiuma mara moja atajua kama gurudumu limeokwa asubuhi hiyo au limelala wiki kadhaa katika barafu: ukuta wake utakuwa mkavu au utakuwa kama sifongo, pralini itanukia njugu au itanukia sukari tu. Mjuzi wa namna hiyo akiwa mmoja, mwenye duka hamjali. Wakiwa wengi katika mtaa, mwoka keki hodari hupata wateja wanaomstahi, na asiye hodari hulazimika kujirekebisha. Jiko la nyumbani na duka la fundi si maadui. Jiko ndilo shule ya mlaji, na mlaji aliyefunzwa ndiye anayelipa mshahara wa fundi.

Maisons-Laffitte haitarudishiwa kelele za uwanja wake kwa kuoka keki. Mkate wa mtunza mazizi haukujazwa na krimu. Lakini mji huo unatukumbusha kwamba mali iliyojengwa kwa mawe na nyasi hufungwa kwa uamuzi wa siku moja, ilhali ujuzi uliogawanywa katika majiko elfu hauna lango la kufungia. Giffard alikufa mwaka 1922, Terront na Garin nao wamekwenda, na vumbi la barabara ile ya Brest limefunikwa na lami. Gurudumu lao linaendelea kuokwa, kwa sababu kila kizazi kimepata mtu wa kukaa kwenye kiti na kumwambia mdogo wake: ngoja kwanza, bado halijakauka.